Nani alimwambia mdogo wangu kwamba akiacha Kemia na Fizikia ameuaga uuguzi? HAKUNA!

Wakuu, habari zenu.

Jana nimetoka na mdogo wangu kwenye chuo kimoja cha afya na mpaka naandika hapa bado kifua kimenijaa. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mlio walimu na nyie wenye watoto kidato cha pili.

Tulifika udahili saa mbili asubuhi. Zamu yetu ilipofika, dada wa dirishani akachukua karatasi ya matokeo akaanza kuweka tiki kwa kalamu. Kiswahili B, tiki. Biolojia C, tiki. Kiingereza C, tiki. Halafu kalamu ikasimama. Akarudi juu, akashuka tena taratibu mpaka chini. Akaigeuza karatasi nyuma, nyuma hakuna kitu. Akamuuliza mdogo wangu: "Kemia yako iko wapi? Na Fizikia?"

Mdogo wangu akajibu, "Sikusoma dada, ila Biolojia ninayo."

Yule dada wala hakufoka. Alimwangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Akatueleza kwamba uuguzi ngazi ya stashahada unataka ufaulu wa masomo manne, angalau D, na humo ndani lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Afisa tabibu hivyohivyo. Hata ukiwa na A za Historia kumi, bila hayo matatu hawakuchukui. Tukamshukuru, tukatoka. Kwenye daladala mtoto hakusema neno mpaka tunashuka, akaniuliza, "Kaka, kwani Biolojia si ndiyo ya hospitali?"

Ana miaka kumi na tisa. Anataka uuguzi tangu alipokuwa anamuuguza bibi yetu, anambadilisha shuka, anamhesabia vidonge. Tangu darasa la sita mpaka anamaliza kidato cha nne hajawahi kubadilisha kauli. Na alisoma kwa miaka miwili mizima akiamini yuko njiani kuelekea huko, kwa sababu Biolojia kila mwanafunzi alikuwa anaisoma, hata wa sanaa. Hakuna mtu mzima hata mmoja pale shuleni aliyemwambia kwamba Biolojia peke yake haimfikishi kwenye uuguzi wala utabibu.

Sasa nieleze ilivyokuwa, maana jana usiku nilimkalisha anisimulie yote.

Januari 2023, wiki ya kwanza ya kidato cha tatu. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yametoka. Mwalimu wa darasa akaingia na karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, ina mstari katikati. Upande huu kaandika SAYANSI, upande ule SANAA. Akasema, waliopata C kwenda juu kwenye Kemia na Fizikia waandike majina sayansi, waliobaki wote sanaa. Karatasi ikaanza kuzunguka dawati kwa dawati. Haikumaliza hata kipindi kimoja. Mdogo wangu alikuwa na D ya Kemia na D ya Fizikia, akaandika jina upande wa sanaa, akampa mwenzake wa jirani. Basi. Pale ndipo uuguzi ulipoishia, na yeye hakujua. Alifurahi hata, kwa sababu Fizikia ilikuwa inamtesa.

Na hapa ndipo napandwa na hasira kabisa. D ni alama 30 mpaka 44. Chuo cha uuguzi kinataka D! Yaani shule ilimtoa mtoto kwenye somo kwa kosa la kuwa na alama ileile ambayo chuo kingempokea nayo. Angeendelea na Kemia yake ya kujikongoja, akapata D ileile mwaka 2024, jana tungetoka pale tukijadili ada.

Kwa nini shule zinafanya hivi? Tusidanganyane wakuu, wengi tunajua. Mwanafunzi wa D akibaki kwenye Fizikia leo, kesho anaweza kupata F, na F inashusha wastani wa somo, mkuu wa shule anaitwa kwenye kikao kujieleza. Rahisi ni kumwondoa mapema. Halafu kuna uhaba wa walimu wa sayansi, huo sibishani nao. Shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia kwa madarasa yote, na nusu ya mwaka alikuwa masomoni. Naelewa. Mwalimu mmoja hawezi kubeba watoto mia. Lakini uhaba wa walimu haumzuii mtu kusema sentensi moja: "Jamani, ukiacha haya mawili, uuguzi, utabibu, famasi na maabara huendi tena. Nendeni nyumbani mkazungumze na wazazi, mrudi Jumatatu." Hiyo inahitaji mwalimu wa Fizikia?

Na mwalimu wa unasihi, yaani wa kuwashauri wanafunzi, yupo. Jina lake limebandikwa ukutani ofisini. Mdogo wangu anamjua kama mwalimu wa nidhamu, anayewaita wasichana kuwaambia wasiwe na wapenzi. Habari ya fani gani inataka masomo gani hajawahi kuisikia mdomoni kwake.

Ushauri wa kazi kwa mara ya kwanza aliusikia kwenye mahafali ya kidato cha nne! Mgeni rasmi kasimama na maikrofoni, anawaambia watoto wawe na ndoto kubwa, wajue wanataka kuwa nani. Mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Ndoto zilishakatwa vichwa miaka miwili nyuma kwenye karatasi ya daftari.

Selform, ile fomu ya machaguo ya kidato cha nne, ndiyo usiseme. Yale machaguo ambayo ndiyo yanaamua mtoto aende kidato cha tano tahasusi gani (yaani masomo gani matatu) au chuo gani, yalijazwa mchana mmoja, mwalimu wa taaluma anasimamia anasema fanyeni haraka kompyuta inahitajika. Watoto wanaangaliziana. Mtu anaandika CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) kwa sababu rafiki yake kaandika CBG, anataka kuwa daktari, wakati CBG haina Fizikia na udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwingine anachukua EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) anajua atakuwa mhandisi wa majengo kwa kuwa Hesabu imo, kumbe Fizikia haimo. Haya si mambo ya siri, yako kwenye miongozo ya TCU (tume ya vyuo vikuu) na NACTVET (baraza la vyuo vya kati na ufundi), kila mwaka inatoka. Lakini mtoto wa shule ya kata, hana simu, shule haina intaneti, ataisomea wapi?

Mdogo wangu alipata divisheni ya tatu, pointi 22. Kapangiwa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) kidato cha tano. Kakataa kwenda. Hilo tumegombana nyumbani, ila kwa ya jana simgombezi tena.

Mimi mwenyewe ni fundi umeme, nimetokea VETA, chuo cha ufundi stadi. Wakati wetu walimu walikuwa wanatutisha nayo: "Msiposoma mtaishia VETA." Niliogopa neno hilo miaka minne. Nimefika kule kwa sababu mjomba alinishika mkono akanipeleka, na leo ndiyo kazi inayomlisha mama na inayomsomesha huyu. Kwa hiyo sisemi kila mtu akasome sayansi. Nasema mtoto aambiwe kila njia inaelekea wapi kabla hajaikanyaga, basi.

Na msidhani mambo yanakwenda kuwa mepesi. Mtaala ulioanza Januari 2024 una mkondo wa jumla na mkondo wa amali (ufundi na stadi za kazi) tangu kidato cha kwanza. Mwaka huohuo tahasusi za kidato cha tano zikaongezwa 49, zikafika 65. Mimi naunga mkono, kupanua ni vizuri. Lakini kama watoto walikuwa wanapotea kwenye njia chache, kwenye njia 65 atawaongoza nani? Uamuzi umesogezwa kwa mtoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, na anayemshauri bado ni rafiki yake wa dawati.

NYONGEZA: Kuna mkuu kauliza hapo chini, "Mzazi alikuwa wapi?" Nakujibu kwa heshima. Mama yetu anauza mboga, kaishia darasa la saba. Mwaka 2023 aliitwa shuleni mara tatu: mchango wa chakula, mchango wa madawati, na mchango wa mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule za jirani. Mara zote tatu alikwenda na hela alipeleka. Siku ya karatasi ya SAYANSI na SANAA hakuitwa. Angeitwa angekwenda, na angeuliza, maana mama yangu anauliza hata mia moja imekwenda wapi. Na mimi nilikuwa Dar natafuta, napiga simu nauliza "shule vipi?" naambiwa "nzuri." Hilo langu nimelibeba, sikwepi.

Kwa walimu mliomo humu: upimaji wa kidato cha pili ukiisha, kabla watoto hawajarudi Januari, andikeni karatasi moja kwa Kiswahili. Ukiacha somo hili, fani hizi zimefungwa. Mzazi asome au asomewe, aweke sahihi. Kama mnaweza kumtumia mzazi karatasi ya michango yenye mhuri na tarehe ya mwisho, na hii mnaweza.

Sasa naomba msaada. Mtoto amesema hakati tamaa, anataka kurudia kama mtahiniwa binafsi, Kemia na Fizikia tu. Anaanzia mada za kidato cha kwanza, jana usiku nimemkuta kashika daftari la mtoto wa jirani ananakili. Shida yangu ni mafunzo kwa vitendo. Kwa Dar, upande wa Mbagala mpaka Temeke, kuna kituo gani chenye maabara ya kweli, watoto wanashika vifaa kwa mikono yao, kinachopokea watahiniwa binafsi kwa masomo hayo mawili? Na aliyewahi kurudia masomo hayo kuanzia sifuri, mwaka mmoja unatosha au nimpe miwili? Asiyependa kuandika hapa anitumie ujumbe, nitasoma zote.