Warsha ya picha Mahale: tumelipia kikundi kidogo na mwanga wa jioni, tumepewa ratiba ya Dar

Wakuu, tangu turudi Kigoma nimejaribu kulimaliza hili kimya kimya na wahusika. Meseji zangu zinasomwa, hazijibiwi. Sasa nalileta hapa ili mwingine asije akaingia kichwa kichwa.

Mimi ni mpiga picha, nina studio hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma. Kazi zangu ni harusi, mahafali na pasipoti. Siku nyingi nilitaka kujifunza picha za mandhari, maana Ziwa Tanganyika na milima hii watu wanatoka Ulaya kuja kuipiga, na sisi tuliozaliwa hapa kazi zetu hazionekani popote. Nikaona tangazo: warsha ya kipupwe, milima ya Mahale, kikundi kidogo, watu 6 tu na mwalimu mmoja. Nikalipa laki tisa, mbali na kiingilio cha hifadhi. Kwa mtu wa studio hiyo si hela ya kuokota.

Siku ya safari nikakuta watu 14 wanasubiri boti. Kuuliza, naambiwa wameongezwa ili gharama ya boti ishuke. Imeshuka kwa nani? Mimi sikurudishiwa hata mia. Watu 14 kwa mwalimu mmoja maana yake unapanga stendi, unamwita aje aangalie, anasema "nakuja", na mwanga unaisha akiwa bado kwa mtu wa tatu.

Hilo la idadi labda ningelimeza. Lililonichoma ni saa.

Aliyekulia Kigoma anajua jua la huku linachelewa. Saa ya nchi ni moja, lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo Dar es Salaam jua linazama kama dakika 40 kabla yetu. Kipupwe hiki huku linazama saa 1 jioni na dakika chache. Ratiba yao imeandikwa: jua kuzama saa 12:20, boti kuondoka saa 12:30. Ni saa za Dar, wamezihamisha kama zilivyo!

Mnaoijua Mahale mtanielewa. Milima iko mashariki mwa ziwa, inapanda karibu kutoka majini, na kilele chake, Nkungwe, kinafika mita 2,462. Asubuhi jua linatokea nyuma yake, ufukwe unabaki kivulini muda mrefu, ukielekeza kamera mlimani unapata giza chini na weupe mtupu juu. Wakati wake ni jioni. Jua linakuwa upande wa Congo, mwanga wake unapita juu ya maji na kuupiga mlima usoni, kila korongo linatoa kivuli chake. Jioni ya kwanza tulikuwa ufukweni mbali na kambi, mahali ambapo ufuo unajikunja na mlima unaonekana wote. Mteremko umeanza kushika rangi ya shaba, nimeshafunga filta, nimeshapima mwanga. Msaidizi wa mwalimu akapiga makofi: "Jamani tufunge, muda umekwisha." Nahodha, mzee wa hukuhuku, akamwambia, "Mwanangu, jua la huku bado. Subiri kidogo uone." Akajibiwa ratiba ni ratiba. Nilinyoosha mkono nikapima: kati ya jua na ng'ambo kulikuwa na ngumi nzima, yaani kama dakika 40 kabla halijazama. Tukakunja stendi, tukapanda boti, tukautazama mlima ukiwaka nyuma yetu.

Asubuhi ni yaleyale. Wanatuamsha saa 10 alfajiri tukangoje macheo ya saa 12:30, tunapigwa na upepo wa ziwa hadi saa 1 inapita, na jua lenyewe limezuiwa na mlima.

Tangazo lilisema pia tutapanda kulala kwenye nyasi za juu, tubebe makoti mazito. Makoti tumeyabeba na kuyarudisha. Hawakuwa wamepanga waongozaji wa kupanda nasi, na ndani ya hifadhi huwezi kujiendea tu.

Halafu picha ya tangazo. Nyasi kijani, milima ya Congo iko wazi ng'ambo. Hiyo ni picha ya msimu wa mvua! Kipupwe nyasi zinachomwa kila upande, moshi unakaa juu ya ziwa, na kuvuka ni kilometa 50 hivi, kwa hiyo Congo huioni. Nilipouliza, mwalimu akasema tutaondoa ukungu kwenye kompyuta. Kitu ambacho kamera haikukiona kompyuta itakitoa wapi? Na moshi wenyewe unatoa picha nzuri kwa anayejua kuutumia: jua linakuwa jekundu, vilima vinapangana kimoja nyuma ya kingine, kila cha nyuma kimefifia zaidi. Hilo ndilo nililolipia nifundishwe. Lilihitaji mwalimu kusimama na sisi mpaka saa 1 jioni, basi.

Kumbe mwalimu saa alishaielewa. Jioni ya mwisho sisi tuliwekwa kambini, msaidizi anatufundisha kusafisha picha kwenye kompyuta, mwalimu hayupo. Alichukua boti, yeye na kamera yake, akaenda palepale tulipoondolewa. Amerudi giza limeingia. Wiki hiyohiyo nakuta picha kwenye ukurasa wake, mlima mzima umewaka, chini ameandika "kutoka warsha yetu ya Mahale", na sasa ndiyo tangazo la warsha inayofuata. Boti ile tuliilipia sisi. Mafuta yale ni yetu.

Ninachodai kiko wazi. Nusu ya ada irudi kwa kila mmoja wetu, na ile picha iondolewe kwenye tangazo, kwa sababu hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwepo ilipopigwa. Tuliokuwa pamoja, njooni mseme mlichokiona, msiniachie mimi peke yangu. Ratiba waliyotutumia WhatsApp naiweka hapo chini kama ilivyo. Jina sitaliandika hapa, ila mwenye mpango wa kulipia safari yao ijayo aje PM kabla hajatuma hela.