MREJESHO: Nilichelewa sindano ya miezi mitatu

Wapendwa, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu kupitisha tarehe ya Depo, ile sindano ya kuzuia mimba. Nilikwama kijijini kwenye msiba, nikarudi mjini wiki 5 zimeshapita tangu tarehe ya kwenye kadi. Wengi mlinitisha kwamba tayari nina mimba. Sina! Juzi nilikwenda kituo cha afya, nesi akanipa kikopo cha mkojo, kipimo kikatoa mstari mmoja. Akanieleza kwamba ukichelewa hadi wiki 4 unachomwa tu bila shida. Mimi nilishavuka, ndiyo maana akapima kwanza. Nimechomwa mkononi, nikaambiwa nisipasugue, na siku 7 tutumie kondomu. Mzee kanuna kidogo, atazoea.

Na ile kukosa hedhi niliyoihofia, kumbe ni kawaida ya sindano hii. Damu haijikusanyi tumboni kama mama mkwe anavyodai. Dada uliyesema nisubiri kwanza hedhi irudi ndipo nikachome, ningesubiri hadi lini? Tarehe mpya nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni, na simu itaniamsha wiki moja kabla, maana kuwahi kidogo kunaruhusiwa.