Naomba ushauri: Ridgeback wangu habweki, ila mbuzi wa jirani hawana amani

Wakuu, habari za majukumu. Nina mbwa dume aina ya Rhodesian Ridgeback, miezi minane, wale wenye mstari wa manyoya mgongoni yanayoelekea kichwani. Nilimnunua awe mlinzi. Kumbe huko kusini mwa Afrika walifugwa kwa kuwinda simba: kumzingira na kumzubaisha mpaka mwenye bunduki afike. Sasa usiku mtu akigonga geti, ananyanyua kichwa, anatazama, analala tena. Lakini mbuzi wa jirani akipita! Juzi karuka ukuta, na fidia nimelipa mimi. Nikimfokea ananuna kutwa nzima chini ya gari. Mliowahi kuwafuga, akikomaa atabadilika? Na hiyo tabia ya kukimbiza mifugo mliidhibiti vipi?