Mafundi wa kunakili DVD, nakala isiyosoma kwenye deki ya nyumbani si nakala!

Ndugu wadau, nimevumilia vya kutosha na leo nasema. Mwezi uliopita nilimkabidhi fundi diski moja ya DVD yenye kumbukumbu ya familia yetu, ambamo marehemu baba anaonekana akizungumza na wajukuu wake kwa mara ya mwisho, nikamwomba anitolee nakala kumi na mbili za kuwagawia ndugu. Nilimweleza kwa kinywa changu, tena zaidi ya mara moja, kwamba wengi wa watakaozipokea ni wazee wasio na kompyuta, nao wataziangalia kwenye deki zao za kawaida zilizounganishwa na runinga. Akanijibu kwamba hilo halina tabu. Nikalipa fedha yote, nikazigawa, na hazikupita siku mbili simu zikaanza kuingia.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliwakusanya watu wa nyumbani kwake wakakaa mbele ya runinga. Deki ikaizungusha diski, ikakwaruza kidogo, ikanyamaza, kisha ikaandika "No Disc", yaani hakuna diski. Akaitoa, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akairudisha. Alifanya hivyo mara tatu. Aliponipigia simu alikuwa ananiomba radhi, kwa sababu aliamini kuwa ameiharibu yeye kwa kuishika vibaya. Hapo ndipo hasira iliponipanda, na mpaka sasa haijashuka.

Niliporudi kwa fundi, aliingiza diski kwenye kompyuta yake, picha ikatokea, naye akaniambia kwamba kazi yake ni nzima na deki zetu ndizo mbovu. Deki hizo hizo zinacheza diski nyingine zote zilizomo katika nyumba hizo. Basi nikaenda kuifungua diski mwenyewe, nikakuta ndani yake faili moja tu la MP4, aina ya video ya kompyuta na simu, limetupwa humo kama mtu anavyohifadhi barua au picha za simu.

Kwa wasiofahamu, deki ya DVD haipekui diski kutafuta filamu popote ilipo. Inatafuta folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake inataka mafaili ya IFO yanayoielekeza pa kuanzia, mafaili ya BUP ambayo ni akiba ya hayo ya IFO, na mafaili ya VOB yenye picha na sauti zenyewe, yaliyokatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja kila kimoja. Picha nayo kwa kawaida huwa imebanwa kwa njia ya MPEG-2, ambayo kwa mfumo wa runinga wa PAL huwa na vipimo vya nukta 720 kwa 576. Zipo deki za baadaye zinazosoma mafaili mengine, lakini huwezi kumkabidhi mtu kazi kwa kutegemea bahati ya deki aliyonayo. Mtu anayejiita fundi wa kunakili DVD na hajui tofauti ya diski ya data na diski ya video anafanya nini kwenye kazi hiyo?

Tena hata macho yangeweza kumwambia. Nilipoigeuza diski kwenye mwanga, upande wa chini wenye rangi ya zambarau, pete iliyochomwa, yaani iliyoandikwa kwa leza, ilionekana wazi kwa rangi yake tofauti, ikianzia karibu na tundu na kuishia nusu ya njia. Diski asilia ni ya tabaka mbili, yenye uwezo wa gigabaiti 8.5, na ina saa tatu na nusu za picha. Zote hizo ziliingiaje kwenye nusu ya diski ya gigabaiti 4.7? Ziliingia kwa kubanwa bila kuniuliza. Baba anapoinua mkono kumwita mjukuu wake, uso wake unavunjika kuwa vigae, na vidole havionekani tena. Diski ya gigabaiti 4.7 inabeba takribani saa mbili za picha nzuri, kwa hiyo njia ya heshima ilikuwa kuigawa kazi katika diski mbili na kuniambia gharama yake. Ningelipa bila kusita.

Nilidai arudie, akarudia kwa kununa. Safari hii folda ya VIDEO_TS ilikuwemo, nikafarijika, nikazijaribu kwenye deki yangu kabla ya kumpa mtu yeyote. Hazikusoma. Kumbe hakuzifunga. Diski ya kuchoma isipofungwa mwishoni, ile sehemu ya mwanzo ambayo deki huisoma kwanza ili ijue kilichomo haiandikwi, na ndiyo maana kompyuta yenye kifaa cha kuchomea inaweza kuiona huku deki ikisema hakuna kitu. Hatua hiyo ni ya dakika chache. Alipozifunga, baadhi zikacheza na baadhi zikakwama katikati, kwa sababu alizichoma kwa kasi ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi, niliona kwa macho yangu kwenye skrini yake, tena kwenye diski za ubora wa chini, kisha akazibandika lebo za karatasi ambazo huweza kuifanya diski iyumbe inapozunguka. Deki ya zamani yenye leza iliyochoka haiwezi kuvumilia yote hayo kwa pamoja.

Asije mtu hapa kuniambia habari za ulinzi wa filamu. Najua kwamba filamu nyingi za kuuzwa huwekewa kufuli la kidijitali liitwalo CSS na msimbo unaozuia diski isicheze kwenye deki za maeneo mengine ya dunia, na kuzinakili ni suala jingine kabisa. Hii ni picha ya familia yetu, tuliirekodi wenyewe, haina kufuli lolote, na kila kilichotakiwa ni kuihamisha kama ilivyo. Hakuna kizuizi cha kujifichia.

Ninachokidai nimemwandikia, na nakirudia hapa mbele yenu. Anirudishie diski asilia, ambayo bado ameishikilia akidai anaihitaji kwa marekebisho, ikiwa haina mkwaruzo wowote zaidi ya iliyokuwa nayo nilipompelekea. Kisha anirudishie fedha yangu, kwa maana sitampa nafasi ya tatu. Diski zilizosomwa na deki mpaka sasa ni nne kati ya kumi na mbili, ya shangazi haimo, naye kila tukizungumza ananiuliza kama sauti ya kaka yake inasikika vizuri.