Mama watoto anataka askari wangu watoke nyumbani, nifanyeje?

Fundi_Katuba: Jamani, habari za usiku. Niko Katuba, Lubumbashi. Watoto wakilala, natandika blanketi mezani, nasukuma vitabu chini yake viwe vilima, napanga askari wangu 42, kila mmoja kimo cha kidole gumba. Nacheza peke yangu safari ya Tabora ya 1916, jeshi la Tombeur, jenerali wa Wabelgiji, dhidi ya Wajerumani. Sheria zinaenea ukurasa mmoja: kikosi kinatembea sentimita 15, dadu ikitoka 5 au 6 umepiga. Kwanza, nashinda kila siku maana mipango ya pande zote naijua. Pili, mama watoto amesema ikifika Jumapili askari wawe wametoka. Wiki nzima silali. Nimwambie nini?

Mzee_wa_Kenya: Baba wa babu yangu alibebeshwa mizigo safari hiyo. Tabora ilianguka 19 Septemba 1916, yeye akarudi na mguu mbovu, wala hakupenda kusimulia. Mezani una wapagazi wangapi, mwanangu?

Fundi_Katuba: Hata mmoja, mzee. Nitawaongeza.

Dadu_Sita: Mimi nijibu la mchezo. Adui asiwe wewe. Chukua vifuniko vitano vya chupa, vitatu viandike kikosi kwa chini, viwili viache vitupu, vichanganye, viweke mbele yako. Hujui kipi ni kipi mpaka ukikaribie. Kisha dadu imwamuru: 1 na 2 anangoja, 3 na 4 anasonga, 5 na 6 anazunguka ubavuni. Zamu toa kwa karata, nyekundu zako, nyeusi zake. Utapigwa mpaka ushangae.

Mama_Plamedi: Ndugu zetu wa Kivu wanakimbia na magodoro kichwani, wewe unatandika vita mezani? Haya. Lakini mwanamke hachukii blanketi. Amekuambia sababu gani? Na hao askari ni wa kitu gani?

Fundi_Katuba: Wa risasi.

Kijana_BelAir: Risasi! Funga mlango, kaka, doria isikusikie 😂

Fundi_Katuba: Risasi ya batri za gari, bwana. Nimewatengeneza mwenyewe. Nayeyusha kwenye mbabula, jiko la makaa, dirisha wazi, mikono nanawa. Nimekwisha kununua batri mbili nyingine, pesa imeshatoka.

Muuguzi_Kampemba: Mbabula ya kupikia? Watoto wana umri gani?

Fundi_Katuba: Ndiyo, ya jikoni. Mdogo ana miaka minne, analala na mpiga tarumbeta wake mkononi. Mama yao ana mimba ya miezi sita. Lakini askari wamepakwa rangi.

Muuguzi_Kampemba: Kaka, rangi inatafunika. Vumbi la risasi linabaki sakafuni na kwenye sufuria hata dirisha likiwa wazi. Linaharibu ubongo wa mtoto, na kwa mama linapita hadi kwa aliye tumboni. Kiwango salama kwa mtoto hakijulikani. Mdogo anakula vizuri?

Msema_Kweli: Mimi nasema hii hadithi imetungwa. Askari 42 kwa mbabula? Kalibu alitoa wapi? Na risasi ya moto ikikuta unyevu inaruka, mbona hasemi?

Fundi_Katuba: Kalibu ni ya plasta, vipande viwili, nimevifunga kwa mpira wa baiskeli. Ya kwanza niliimwagia haijakauka. Iliruka, tone likanipata kifundo cha mkono, kovu ninalo. Toka hapo naanika siku tatu juani. Povu la kijivu la juu naliengua na kijiko cha kupakulia.

Mama_Plamedi: Kijiko hicho kiko wapi sasa?

Fundi_Katuba: Kimerudi jikoni.

Msema_Kweli: Basi nimeamini. Pole.

Mzee_wa_Kenya: Nyuma ya nyumba yangu kuna kichuguu kirefu kuliko mimi. Udongo wake ndio tulioufinyangia ng'ombe na askari tulipokuwa watoto. Njoo na ndoo.

Fundi_Katuba: Muuguzi, swali lako halijaniacha. Mdogo analalamika tumbo tangu mwezi uliopita, chakula anasukuma. Nilidhani minyoo. Mama yake alinionyesha, nikabisha.

Muuguzi_Kampemba: Kesho asubuhi wapeleke mdogo na mama yake, useme neno risasi ya batri, uombe damu ipimwe. Sakafu pangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Batri usizifungue. Tarumbeta mtoe mkononi usiku huu huu.

Fundi_Katuba: Nimemtoa. Ameamka, analia. Nimembeba.