Tembo la mgema SI MNYAMA jamani, mnatuharibia methali zetu!!

Wakuu habari za jioni. Leo nimekuja na hasira na sifichi.

Mtoto wa dada angu yuko darasa la sita, juzi karudi na daftari limechorwa mkasi mwekundu. Aliulizwa maana ya "mgema akisifiwa tembo hulitia maji", dogo akajibu vizuri tu kwamba mgema wa pombe ya mnazi ukimsifia sana anaanza kuichakachua. Mwalimu kampa kosa, pembeni kaandika eti mgema ni mtu anayefuga tembo. ANAYEFUGA TEMBO! Nikasema labda kapitiwa, naingia mtandaoni nakuta kurasa kibao za misemo zimeweka hiyo methali na picha ya tembo kainua mkonga, watu wanalaiki na kushea, hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Sasa someni hiyo sentensi yenyewe basi. HuLItia. Angekuwa mnyama si ingekuwa humtia? Hiyo "li" ni ya tembo, pombe, iko pale wazi kabisa hata mtoto kaiona. Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema kule Pangani, alikuwa anapanda mnazi asubuhi na jioni, anachonga karara kidogokidogo, anakinga kibuyu, na tembo likiteremshwa asubuhi tamu basi hadi jioni limeshakuwa kali. Wateja wakianza ooh hakuna mgema kama wewe, mtu anaona kumbe nikiongeza kata mbili za maji watakunywa tu na watanisifia vilevile. Wazee walikaa wakamtazama binadamu mpaka wakaliona hilo, leo mtu anakuja kuweka mkonga!

Na siyo hiyo peke yake. "Mwamba ngoma huvutia kwake", vijana wanadhani ni mwamba kama tunavyomwita jamaa mgumu mtaani, wakati ni yule anayewamba ngozi kwenye ngoma, lazima aivute upande wake, ndo tulivyo binadamu wote. Kibaba nacho, kile cha "haba na haba hujaza kibaba", wengi hawajui hata kama ni kipimo cha nafaka, vibaba vinne pishi moja.

Kutokujua sina shida nako, hata mimi nimefundishwa. Kinachoniuma ni mtu kuambiwa halafu agome. Nilimwandikia mwenye ukurasa mmoja kwa heshima kabisa, nikamweleza moja baada ya jingine, akafuta komenti akaniblock, picha ya tembo bado iko pale. Dada naye kaenda shuleni kaambiwa jibu la mwalimu ndo jibu.

Mtihani ni mwezi ujao. Jana usiku dogo kaniuliza, anko niandike ile yako au ile ya mwalimu? Walimu wa Kiswahili mliopo humu naombeni mnisaidie, nimwambieje huyu mtoto?