Re: Leseni ya ushauri nasaha wa ndoa na familia (LMFT), California

> Wapendwa, mwenye uzamili wa ushauri nasaha kutoka chuo cha nje ya Marekani aanzie wapi?

Dada, salamu. Aanzie kwenye vyeti, mitihani iko mbali bado. Bodi husika, BBS (Bodi ya Sayansi za Tabia ya California), haipokei matokeo ya chuo cha nje yakiwa peke yake. Inataka tathmini ya kina, somo kwa somo, kutoka shirika lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje. Ile ya ukurasa mmoja inayosema tu "sawa na uzamili" haitoshi. Shahada hupimwa kwa uniti 60 za semesta, na masomo yanayopungua hudaiwa.

Kisha anasajiliwa kama AMFT, yaani mshauri ambaye bado hana leseni kamili, na kukusanya saa 3,000 chini ya msimamizi, katika wiki zisizopungua 104, zisizidi 40 kwa wiki. Kati ya hizo, 1,750 ziwe za kukaa na wateja, na ndani yake 500 ziwe za wanandoa, familia au watoto. Hizo 500 ndizo zinazokwamisha watu: kituo kinahudumia watu wazima mmoja mmoja, miaka miwili inapita, hesabu haijai. Uliza kabla ya kusaini ajira.

---

Naongezea kwa kaka hapo juu. Usimamizi huhesabiwa wiki kwa wiki, kila kituo peke yake: saa moja ya ana kwa ana au mbili za kikundi. Ukizidisha saa 10 za wateja katika wiki hiyo, unadaiwa usimamizi wa mara ya pili. Wateja saa 14, usimamizi mmoja? Nne zimepotea, na hazifidiwi wiki ijayo. Karatasi isainiwe kila wiki. Msimamizi akihama, kumtafuta ni shughuli.

Omba usajili ndani ya siku 90 tangu shahada itolewe ukitaka saa za kati ya shahada na usajili zihesabiwe, na mwajiri awe amekupima alama za vidole kwa Live Scan kabla hujaanza. Saa huzeeka zikipita miaka 6. AMFT halipwi kwa fomu 1099 (ya mkandarasi huru), ni W-2 (ya mwajiriwa) au kujitolea, wala hapokei pesa mkononi mwa mteja.

Mtihani wa sheria na maadili ufanye mwaka wa kwanza. Hata ukifeli, unahuisha usajili mradi uliufanya. Wa kliniki husubiri saa ziidhinishwe.

Na wanaowaza vikao vya video: mteja akiwa Texas, inayotazamwa ni sheria ya Texas.